Mkanda wa Babu: Mshale, Mwaka 1942 na Batalioni ya 36

Shangazi yangu mkubwa alipogawa vitu vya marehemu babu huko Korogwe, ndugu zangu walichagua saa, kanzu za Idi na mashine ya kushonea, na mimi nikaomba mkanda wa jeshi uliokuwa chini kabisa ya sanduku la bati. Ni mkanda wa utepe mnene wa pamba, mpana karibu sentimita sita, wenye rangi isiyoeleweka baina ya udongo na majani makavu, na mbele una bizimu la shaba la vipande viwili vinavyoingiliana. Nyumbani umejulikana miaka yote kama "mkanda wa Mjerumani". Hakuna aliyewahi kuuliza Mjerumani huyo alikuwa nani, wala uliachana vipi na kiuno chake ukafika kwenye sanduku la babu.

Jina hilo lina sababu zake. Mkoa wa Tanga una kumbukumbu ndefu ya vita vya mwaka 1914, kwa kuwa mwezi Novemba mwaka huo Waingereza walishusha pwani jeshi kubwa lililotoka India, likiongozwa na Jenerali Aitken, na likarudishwa majini na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani kilichoongozwa na Lettow-Vorbeck. Wazee wa kwetu hawakumaliza kusimulia habari za vita hivyo bila kuwataja nyuki waliotoka mizingani na kuwavamia watu katikati ya risasi. Baba yake babu alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita hivyohivyo, na kwa hiyo kila kitu cha kijeshi kilichoonekana nyumbani, iwe ni kibuyu cha maji au kipande cha blanketi, kilihesabiwa kuwa cha Mjerumani. Vita vya pili, ambavyo babu mwenyewe alivipigana, havikuacha mapambano yoyote katika ardhi yetu, navyo vikamezwa na vile vya kwanza.

Hata hivyo, mtu aliyewahi kuona picha za mikanda ya Kijerumani hawezi kuuchanganya na huu kwa muda mrefu. Bizimu la askari wa kawaida wa Kijerumani lilikuwa bamba moja la mstatili, lenye kulabu kwa nyuma, lililofungwa kwenye mkanda wa ngozi, na usoni mwake kulikuwa na duara lenye nembo na maneno. La Prussia la mfano wa mwaka 1895 lilitengenezwa kwa shaba, likawa na taji pamoja na maneno "Gott mit uns", yaani Mungu yu pamoja nasi. Kuanzia mwaka 1915, shaba ilipohitajika kwa kazi nyingine, yakaanza kutolewa ya chuma yaliyopakwa rangi ya kijivu. Wanajeshi wa Bavaria walikuwa na maneno yao, "In Treue fest", na wale wa Saxony wakawa na ya Kilatini. Jeshi la Ujerumani la vita vya pili liliendelea kutumia "Gott mit uns" lakini likaondoa taji na kuweka tai mwenye msalaba wa Kinazi miguuni. Bizimu la babu halina neno, halina taji, halina ndege wa aina yoyote. Ni pete mbili bapa za shaba, moja ikiwa na ulimi unaopita katika tundu la nyenzake, basi.

Umbo hilo ni la mkanda wa Kiingereza wa mfano wa mwaka 1937. Waingereza walikuwa wametumia mikanda ya pamba tangu mfano wa mwaka 1908, ambao ulikuwa mpana zaidi na ulibeba mikoba midogo mingi ya risasi za bunduki. Askari walipopewa bunduki ya rashasha ya Bren, kila mmoja katika kikosi alitakiwa kusaidia kubeba magazini zake za risasi, na mikoba ile midogo haikufaa tena; ndipo ukabuniwa mfano mpya wenye mikoba miwili mikubwa kifuani na mkanda mwembamba kuliko ule wa kwanza. Anayetaka kuutambua autazame mgongoni kwanza kabla ya mbele, kwa sababu mgongoni kuna mabizimu mawili madogo yaliyoshonwa kwa mshazari, ambako kanda za mabegani zilifungwa. Kisha aufungue na kutazama upande wa ndani: kila ncha ya mkanda hupita katika kipande chake cha bizimu, hukunjwa kurudi nyuma, na kushikwa na vikulabu vya shaba vinavyoingia katika mapindo yaliyofumwa ndani ya utepe wenyewe. Hakuna matundu ya kutoboa kama katika mkanda wa suruali. Mwenye tumbo kubwa huvisogeza vikulabu huku, na aliyekonda akavisogeza kule.

Baada ya kujua aina, linalofuata ni kujua ulitengenezwa wapi na lini, na hapo ndipo kazi ilipokuwa tamu. Mali ya jeshi la Uingereza ilipigwa alama ya mshale mpana, yaani mistari mitatu mifupi inayokutana juu kama unyayo wa kuku, na alama hiyo imetumika kwa karne nyingi juu ya mizinga, vijiko, mablanketi na hata mawe ya mipaka ya kambi. Nchi nyingine za himaya ziliufuata mshale huo lakini kila moja ikaongeza herufi yake. Kanada iliuweka mshale ndani ya herufi C, Australia ikauweka kati ya herufi mbili za D, India ikaweka herufi I chini yake, na Afrika Kusini, iliyoitwa wakati ule Muungano wa Afrika Kusini, ikauweka ndani ya herufi U. Kando ya mshale hukaa ufupisho wa jina la kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Kwa hiyo M.E.Co. juu ya mkanda ni kampuni ya Mills Equipment ya Uingereza, na ukiona tarakimu nne zinazoanza na 19 kando ya herufi hizo, umepata tarehe ya kuzaliwa kwa mkanda wako.

Tatizo ni kwamba mihuri hiyo ilipigwa kwa wino juu ya pamba, na pamba huisahau wino. Kwa macho ya kawaida niliona doa jeusi tu karibu na bizimu la mgongoni la kushoto. Niliulaza mkanda mezani usiku, nikazima taa ya chumba na kuweka tochi chini kabisa, karibu iguse meza, ili mwanga upite juu ya utepe kwa ubavu. Nyuzi zilizokandamizwa na mhuri zilianza kutoa vivuli. Nikapiga picha kwa simu, nikaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, nikaongeza tofauti ya giza na mwanga hadi kitambaa kikaonekana kama theluji, na katikati yake pakatokea kitu kama kikombe chenye unyayo wa kuku ndani, na chini ya kikombe: 1942. Tarakimu ya mwisho ilikuwa na shingo iliyovunjika, nikaipiga picha tena kutoka upande wa pili ili mwanga uingie kwa pembe nyingine, na ilibaki kuwa 2.

Mkanda ulitengenezwa Afrika Kusini, basi, na haikuwa ajabu. Wanajeshi wa Afrika Kusini walipigana bega kwa bega na wa Afrika Mashariki dhidi ya Waitaliano kule Somalia na Ethiopia mwaka 1940 na 1941, na viwanda vya nchi hiyo vilitengeneza viatu, nguo na zana nyingi kwa ajili ya majeshi ya upande wa Uingereza, katika wakati ambao meli zilizotoka Ulaya zilizungukwa na nyambizi. Lakini nataka msomaji aone kwamba mhuri huo unasema mambo mawili tu, yaani mahali na mwaka. Hausemi uligawiwa kwa nani, wala ulivaliwa wapi. Wengi wanaotafiti vitu vya urithi huona mwaka kwenye chuma na papo hapo wakaruka hadi kwenye vita fulani maarufu vya mwaka huo, ilhali mkanda ungeweza kukaa ghalani miaka miwili, ukavaliwa na mtu mmoja, ukarudishwa, ukapewa mwingine.

Kuhusu kuvaliwa, nilitazama mambo mengine. La kwanza ni rangi. Mikanda hii ilitoka kiwandani ikiwa na rangi ya kaki, kisha askari wenyewe waliipaka unga uliochanganywa na maji, ulioitwa Blanco, ambao ulikuja kwa rangi mbalimbali kadiri jeshi lilivyoagiza. Mkanda wa babu una tabaka mbili. Katika mapindo ya ndani, ambako jua halikufika, kuna kaki safi ya asili. Juu yake, hasa pembezoni mwa bizimu ambako brashi haikufika vizuri, kuna rangi ya kijani iliyokolea, iliyoganda kama utandu wa ugali kwenye sufuria. Askari waliopelekwa kwenye misitu ya Asia walipewa nguo za kijani badala ya kaki, na zana zao za pamba zikageuzwa rangi vilevile. Kijani peke yake si ushahidi wa Asia, kwa kuwa kulikuwa na kijani cha kambini hata Ulaya, ila ni kitu cha kuandika kwenye daftari na kusubiri kingine cha kukiunga mkono. Kwa sababu hiyohiyo siwezi kueleza vya kutosha ubaya wa kuufua mkanda wa namna hii. Binamu yangu alikwisha kuleta sabuni na beseni. Angemwaga pamoja na maji machafu kitu chenyewe nilichokuwa nikikitafuta.

La pili ni alama za vikulabu. Shaba ikikaa muda mrefu juu ya pamba yenye jasho huacha kutu ya kijani, na kutu hiyo huchora umbo la kulabu kwenye utepe. Kwenye mkanda huu kuna mahali pawili penye michoro hiyo. Pa kwanza ni hafifu, karibu na ncha, panapofaa mtu mwenye kiuno kipana. Pa pili ni pa kina, nyuzi zimelika kidogo, na nilipopima nikakuta ni kiuno cha mtu mwembamba sana. Inawezekana ni watu wawili, inawezekana ni mtu mmoja aliyekonda. Kisha kuna matundu matatu yaliyotobolewa kwa msumari wa moto, yenye kingo zilizoungua, ambayo hayahusiani na jeshi hata kidogo. Shangazi aliyakumbuka mara moja. Babu alipokuwa mnyapara katika shamba la mkonge alifungia mkanda huo furushi nyuma ya baiskeli, na vikulabu vilikuwa vikiteleza.

La tatu lilikuwa limejificha chini ya kipande cha bizimu. Nilipokivuta kipande kando taratibu, baada ya kukiachia kwa kijiti cha meno, niliona tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, kwa wino au rangi nyeusi, zenye mkunjo wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Tarakimu mbili za mwisho zimefutika. Zile zinazosomeka zinalingana, kwa mpangilio uleule, na namba ya jeshi iliyo katika cheti cha babu cha kuachishwa jeshi cha mwaka 1946, ambacho baba mdogo alikuwa amekihifadhi ndani ya bahasha moja na risiti za kodi ya kichwa. Hapo ndipo mkanda na mtu walipokutana kwa mara ya kwanza mbele yangu, na walikutana kwa karatasi, si kwa masimulizi.

Cheti hicho kinamtaja kuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, batalioni ya 36. Kwa watu wa Tanganyika tarakimu hizo zina maana. Keya ilianzishwa mwaka 1902, na batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika. Vita vilipoongeza idadi ya vikosi, batalioni mpya zilizotoka hapa zilipewa namba zinazoishia na 6, kama vile 26, 36 na 46. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini katika vita hivyo, wengine kwa hiari na wengine kwa hiari ya jumbe wao. Batalioni ya 36 iliwekwa katika Brigedi ya 26, pamoja na batalioni ya 22 ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na ya 44 ya Uganda, na brigedi hiyo ilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Divisheni iliundwa mwaka 1943, ikafanya mazoezi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha ikapelekwa Burma, ambayo leo ni Myanmar.

Safari yenyewe ya bahari haikuwa ya mzaha. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache, na watu 1,297 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu hakuwamo katika meli hiyo, lakini shangazi anakumbuka kwamba hakupenda kula chakula cha usiku akiwa amekaa mahali asipoona mlango, na aliwahi kusema kuwa ni desturi aliyoipata melini.

Huko Burma, Divisheni ya 11 ilipewa kazi ya kuwafukuza Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma baada ya kushindwa Imphal, kule India. Ilianza kuteremka bonde la Kabaw kutoka Tamu mwezi Agosti 1944, katikati ya masika ya huko, ambayo makamanda wengi waliyahesabu kuwa majira ya kusimama vita. Barabara ziligeuka tope, chakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege, na malaria ilikuwa nyingi kiasi kwamba bonde hilo lilisifika kwa ugonjwa huo hata kabla ya vita. Katikati ya Novemba askari wetu walikutana Kalemyo na Divisheni ya 5 ya India iliyokuja kwa njia ya Tiddim, na tarehe 2 Desemba wakaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Hapo wahandisi walijenga daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa palepale, lenye urefu wa futi 1,154, yaani mita 350 na ushei, lililokuwa refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo kwa wakati ule. Ndiyo maana nikifikiria ile michoro miwili ya kutu, mmoja wa kiuno kipana na mwingine wa kiuno chembamba, siwezi kuacha kulikumbuka bonde la Kabaw. Hata hivyo nakumbuka tu. Sijaandika popote kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kwa wenye vitu kama hivi majumbani, na najua ni wengi kuanzia Songea hadi Kisumu na Soroti, njia niliyoiona kuwa na faida ni kuanza na namba ya jeshi na batalioni, kwa sababu kila mlango mwingine hufunguka kwa hizo mbili. Medali hazisaidii sana: nyota na medali za vita vya pili zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa majina, tofauti na zile za vita vya kwanza, hivyo Nyota ya Burma isiyo na cheti ni ya yeyote aliyeishika. Shajara za vikosi, zilizoandikwa siku kwa siku na maofisa, zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, pale Kew. Za vikosi vilivyokuwa chini ya kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki zimo katika fungu la WO 172, na za Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati katika WO 169. Zinataja maofisa kwa majina na askari wa kawaida kwa idadi, jambo linaloudhi lakini ndivyo zilivyo. Faida yake ni kujua kikosi kilikuwa wapi tarehe fulani. Kwa aliyefia vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayotafutika kwa jina au namba, na wasio na kaburi linalojulikana huko Burma majina yao yamo katika mnara wa Rangoon ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Majina ya Kiafrika yaliandikwa na makarani waliosikia vibaya, kwa hiyo utafute kwa namba kwanza.

Nimeulizwa pia kuhusu bei. Mkanda wa mfano wa 1937 si adimu, ulitengenezwa kwa wingi mno, na mnunuzi akitaja fedha nyingi atakuwa anainunua hadithi. Bizimu la Kijerumani lenye tai ndilo linalovuta wanunuzi, na kwa hiyo ndilo linaloghushiwa zaidi. Kila anayekuletea moja na masimulizi marefu mtazame mikono.

Mkanda sasa umelazwa wazi, bila kukunjwa, juu ya karatasi isiyo na asidi ndani ya boksi la karatasi ngumu, nao nimeuweka mbali na ukuta unaopata unyevu. Sikuuweka katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa katika joto la Tanga plastiki hufuga ukungu. Shaba sikuisugua, nilitoa tu unga wa kutu uliokuwa umelegea kwa brashi laini na kijiti, nikatia vipande vya karatasi hiyohiyo kati ya vikulabu na utepe. Juu ya boksi nimebandika lebo yenye mafungu matatu. La kwanza linataja kinachoonekana: mfano wa 1937, Afrika Kusini, 1942, kaki chini ya kijani, namba isiyokamilika. La pili linataja kilichoandikwa kwenye cheti: batalioni ya 36, kuachishwa mwaka 1946. La tatu linataja kilichosimuliwa, pamoja na jina la msimuliaji na tarehe aliyonisimulia, na humo nimeiandika pia ile habari ya Mjerumani, kwa kuwa nayo imedumu nyumbani kwetu muda mrefu.

Baba mdogo hajaridhika. Anataka fungu la kwanza liseme "ulivaliwa Burma", na tumekubaliana kwamba maneno hayo yatahamia huko siku shajara ya batalioni ya 36 ya mwaka 1944 itakaposomwa pamoja na rekodi yoyote inayoonyesha babu alipangwa kombania gani. Hadi wakati huo yatakaa kwenye fungu la tatu, chini ya jina lake yeye, kwa mwandiko wake mwenyewe.